Waya Hapa ni wa Kuanikia Nguo

Bi Zelpha Crandall aliuawa siku moja tu maishani mwake. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1938, saa tisa kasoro robo alasiri, na marehemu alikuwa amevaa masharubu ya kubandika na koti la mwanamume aliyemzidi ratili arobaini. Muuaji alikuwa sherifu wa kuigiza mwenye nyota ya bati kifuani. Baada ya kufa aliinuka, akajikung'uta mchanga, akatema nywele mbili za sharubu, kisha akauliza kama wanataka afe tena au aende zake, maana ana nyumbu hawajanywa maji tangu asubuhi.

Ili mtu afe kwa kiburi cha namna hiyo, sharti awe ameishi kwa kiburi kwanza. Zelpha aliishi hivyo miaka hamsini na mitatu, yote Lone Pine, mji wenye barabara moja na maoni elfu, chini ya milima ya Sierra.

Baba yake alikuwa na mitufaha mia nne. Kisha mji mkubwa wa kusini, maili mia mbili kutoka pale, ukashikwa na kiu, ukanunua mto. Wengine hununua maji. Wao walichukua mto mzima, wakautia kwenye bomba na kuondoka nao, kama mtu anavyoondoka msibani na mwavuli wa mwenzake. Mitufaha ikakauka ikiwa imesimama. Ukabaki mmoja, ulioota karibu na shimo la maji machafu ya jikoni, nao ukazaa kila mwaka kwa ukaidi mtupu. Zelpha aliupenda mti ule kuliko baadhi ya ndugu zake, na ndugu hao walilijua hilo kwa sababu aliwaambia.

Haikupita miaka mingi, mji uleule ukarudi. Safari hii haukutaka maji, ulitaka mawe. Nje ya Lone Pine kuna mawe makubwa ya mviringo, yamelundikana kana kwamba Mungu alikuwa akihama nyumba akachoka njiani, na watu wa sinema waliyapenda. Mawe yale yamekuwa Teksas, yamekuwa Arabia, yamekuwa India ya wafalme na ndovu wa kukodi. Hayajawahi kuwa Lone Pine hata siku moja. Wenyeji nao walikodishwa pamoja na mawe: leo majambazi, kesho wanakijiji, keshokutwa maiti. Ndugu wawili Wapaiute, ambao mababu zao walikuwa pale kabla ya mtu mwingine yeyote, waliwahi kuajiriwa kuwa Waapache, wakaelekezwa na kijana wa mjini jinsi Mhindi Mwekundu anavyokaa juu ya farasi. Walisikiliza kwa adabu. Ujira ulikuwa wa kutwa, na kijana alikuwa anaongea polepole.

Mume wa Zelpha, Harlan, alikufa kwa ugonjwa wa kutomwamini daktari. Alimwachia nyumbu kumi na wanane, farasi wanane, na Anselmo Quihuis, mtunza farasi aliyekuja kufanya kazi ya wiki mbili mwaka 1911 na ambaye bado alikuwa akisema ataondoka Ijumaa. Kiangazi nyumbu walipandisha mlimani wawindaji na makopo yao ya chakula. Vuli ikifika, farasi walikwenda kwenye sinema.

Mmoja hakurudi.

Huyo alikuwa Shemasi, farasi wa kijivu mwenye mwendo wa mtu anayepeleka sadaka mbele ya kanisa. Alikodishwa siku tatu. Siku ya nne ililetwa hatamu yake na tandiko, vimefutwa vumbi vizuri, pamoja na barua fupi ya pole. Miezi mitano baadaye picha ikafika kwenye ukumbi wa sinema wa Lone Pine. Zelpha na Anselmo walikata tiketi kama watu wengine, wakamwona Shemasi akija mbio kwenye pazia, shingo imenyooka, halafu miguu yake ya mbele ikatoweka chini yake kana kwamba ardhi imeivuta. Watu wakapiga makofi. Anselmo akavua kofia.

Kilichoivuta kilikuwa waya. Kazi yenyewe ni rahisi, na ndiyo maana iliwapendeza: waya mwembamba wa chuma, futi mia mbili, ncha moja kwenye nguzo iliyozikwa mchangani, ncha nyingine kwenye vikuku vya ngozi juu ya kwato za mbele. Farasi anapigwa mbio. Waya ukiisha, mbio zinaisha. Aliyempanda anajua ni hatua ya ngapi na amejiandaa kuruka. Farasi hajaambiwa kitu. Wengine huinuka. Shemasi hakuinuka.

"Farasi hatavaa tena waya mbele ya macho yangu," Zelpha alisema walipotoka nje ya ukumbi.

"Farasi wako, unamaanisha."

"Nimesema farasi."

"Dada, farasi wa nchi hii ni wengi."

"Na macho yangu ni mawili tu. Ndiyo maana nimesema mbele yake."

Majira ya baridi yaliyofuata akaanza kumfundisha Molasi. Molasi alikuwa jike la rangi ya asali iliyoungua, lenye baka jeupe refu kutoka kwenye paji hadi puani, na jina lake lilitokana na rangi hiyo na pia, kusema kweli, na kasi yake ya asubuhi, ambayo ilikuwa ya shira nzito. Zelpha alimpeleka kila siku kwenye mkondo wa ule mto uliouzwa, ambao sasa ulikuwa mchanga mtupu, laini kama godoro. Mwanzoni alimfundisha kujiangusha akiwa amesimama tuli, halafu akitembea, halafu akienda mbio. Alivuta hatamu ya kushoto hadi kichwa kigeuke, akagusa bega kwa goti, na Molasi akajiachia ubavu mzima kwenye mchanga. Kila akiinuka alipata kipande cha tufaha kavu, kutoka kwenye ule mti wa shimo la jikoni.

Hasara yake ni kwamba farasi akielewa somo hana tabia ya kusubiri mtihani. Jumapili moja mbele ya kanisa, Zelpha alivuta hatamu ya kushoto kidogo tu ili amsalimu mke wa mchungaji. Molasi akaanguka papo hapo, na Bi Zelpha akaanguka naye, sketi na kofia na kitabu cha nyimbo. Watu wa Lone Pine walisimulia mwezi mzima. Anselmo alisimulia miaka tisa.

Ndipo ikaja ile Novemba.

Kampuni ilikodi farasi thelathini, saba wa Zelpha na wengine wa majirani, waliokuja na wenyewe ili wawe kikosi cha sherifu. Mwongozaji aliitwa Desmond Harkavy, mtu mfupi mwenye buti za kupandia farasi ambazo hazikuwahi kukutana na farasi. Alipomwona Molasi akasema huyo ndiye farasi wa jambazi, na sababu yake ilikuwa ya kitaalamu. Kwenye picha isiyo na rangi, farasi mwekundu, wa hudhurungi na wa kahawia wote hugeuka kijivu kimoja, kama watu wote wanavyofanana mbele ya karani wa kodi. Kinachowatofautisha ni weupe walio nao. Baka la Molasi lilionekana hata kutoka nusu maili. Kwa hiyo siku kumi na mbili zikapigwa picha za jambazi akiiba, akikimbia na kunywesha farasi, na kila mara baka lile lilikuwa mbele. Bi Philippa Noonan, mwanamke mwembamba mwenye kalamu tatu kwenye nywele, aliandika yote daftarini, maana kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kitu kilichoonekana Jumatatu hakibadiliki Alhamisi. Katika kampuni nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akifikiri, na hawakumlipa kwa hilo.

Siku ya mwisho ilibaki kazi moja, kumuua jambazi. Kesho yake mwigizaji wa sherifu alikuwa anapanda treni kwenda kuwa daktari katika picha nyingine. Asubuhi hiyo akaja Rufe Gantt, fundi wa maanguko, na waya begani, umekunjwa vizuri kama kamba ya mbuzi.

"Mama, nipe huyo jike. Kazi ya dakika mbili. Hata hatasikia."

"Nani hatasikia?"

"Farasi."

"Umemuuliza?"

Gantt akacheka, akidhani ni utani. Zelpha akamgeukia mwongozaji. "Bwana Harkavy, huyu anaanguka mwenyewe. Nimemfundisha karibu miaka miwili. Nipe nafasi nikuonyeshe."

"Bibi, nawajua hao farasi wa maonyesho. Wanaanguka kama mwali anayeketi kwenye kochi. Mimi nataka gunia la viazi linalodondoka kutoka kwenye gari."

"Hujamwona."

"Na sina muda wa kumwona."

"Basi na yeye hana muda wako." Zelpha akamvua Molasi hatamu palepale, akaitundika begani mwake na kukunja mikono.

Harkavy akatazama saa yake. Halafu Gantt akainua mabega. "Baki naye, mama. Mbwa mwenye mfupa hafukuzwi. Vitu vyenye miguu minne havijaisha duniani."

Zelpha akadhani ameshinda. Ushindi huo ulidumu kama robo saa. Alipogeuka alimwona Gantt akimtoa farasi kwenye gari la mnunuzi wa farasi wazee, yule ambaye wanyama wake huishia kiwanda cha gundi. Alikuwa dume mzee wa rangi ya kahawia, mtulivu, asiye na kosa ila miaka. Msaidizi wa Gantt akaleta ndoo ya rangi nyeupe ya viatu na brashi, akamchora baka kutoka kwenye paji hadi puani. Bi Noonan akaitwa. Akamtazama mzee, akamtazama Molasi, akafungua daftari na kulifunga.

"Kwenye picha ni mmoja," alisema, na hakuonekana kufurahi.

"Baada ya chakula, basi," akasema Harkavy. "Mchimbieni nguzo."

Yule mzee alinusa mfuko wa Anselmo. Kulikuwa na kipande cha tufaha humo, na Anselmo akampa, kisha akamwona Zelpha anavyotazama na akajua.

"Dada, huyo si wako."

"Kwani nilisema wa nani?"

"Ulishaokoa wako. Mtu akiokoa wake, anakwenda nyumbani."

"Shemasi naye hakuwa wao, na walimuua."

Anselmo akaguna. "Nilipanga kuondoka Ijumaa. Leo Alhamisi. Ningeondoka na heshima yangu." Kisha akauliza: "Tunafanya nini?"

Hapa ni lazima kueleza jinsi watu wa sinema walivyokula. Kampuni ilikula chini ya turubai, mezani, kwa vitambaa, nyama ya kuchoma na keki. Wenyeji walikula maharage kwenye mabakuli ya bati, wamechuchumaa kando ya zizi, ng'ambo ya mawe, ili vumbi lao lisiingie kwenye keki. Chakula cha mchana kilichukua muda wa saa moja, na Harkavy alilala dakika ishirini za mwisho, kofia usoni. Kwa maneno mengine, kampuni ilikuwa imewaacha watu thelathini wenye farasi thelathini na mmoja na ndoo iliyojaa rangi, saa nzima, bila msimamizi. Serikali zimeanguka kwa uzembe mdogo kuliko huo.

Zelpha hakuhutubia mtu. Alichukua ndoo, akaenda kwa farasi wake wa kwanza, akapiga mlia mmoja kutoka juu hadi chini. Akaenda kwa wa pili. Wenyeji waliacha kutafuna.

"Bi Zelpha," akaita Orrin Tibbets, mfuga kuku, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiacha maharage. "Unafanya nini?"

"Napaka."

"Kwa nini?"

"Wanataka kumfunga waya yule mzee kwa sababu ana uso mweupe. Naona ni vyema kila mtu awe nao."

Tibbets akamtazama yule mzee aliyefungwa pembeni, akatazama bakuli lake. Naye alikuwa kwenye ukumbi usiku ule wa Shemasi, na alikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Akaliweka bakuli chini. "Wangu pua yake ina jasho," alisema, "kwa hiyo bonyeza brashi."

Wale ndugu Wapaiute hawakuuliza kitu. Walichovya vitambaa vya shingoni na kupaka farasi wao kwa ustadi kuliko mtu yeyote, kisha mmoja akamwambia Anselmo: "Yule kijana wa mjini hajatufundisha hii." Farasi aliyefuata alikuwa na sikio lililokatika ncha. Alikuwa wa sherifu wa wilaya, yule wa kweli mwenye jela, aliyemkodisha kimyakimya na hakupenda bibi yake ajue. Walimpaka yeye mara mbili. Mwisho Zelpha alimfungua yule mzee, akamtia tandiko na kumsukuma katikati ya wenzake. Rangi ilikwisha dakika nne kabla ya filimbi.

Harkavy alitoka usingizini, akavaa miwani yake, akaliona zizi. Nyuso thelathini na moja zilimtazama, zote ndefu, zote zina baka jeupe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alitamani mtu amwambie.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Farasi wa jambazi," akasema Zelpha. "Ulimpenda."

Bi Noonan alisogea hadi kwenye mti wa zizi, akahesabu kwa kalamu. "Hapa hatuwezi kupiga, bwana. Mtazamaji ataona jambazi mmoja anakimbizwa na farasi wake mwenyewe mara thelathini."

"Waosheni!"

"Rangi hii haitoki kwa maji. Nilikwambia Jumatatu usinunue hii ya bei nafuu. Nimeandika." Akafungua daftari ili aone. "Jumatatu, saa nne asubuhi."

"Tupige jambazi peke yake, bila kikosi," akasema Gantt, akaruka ndani ya zizi. "Wangu yuko humu. Namjua."

Alikuwa hamjui. Gantt alikuwa mtu wa magoti: farasi kwake alikuwa miguu minne ya kufungia waya, na juu ya hapo hakuwahi kupanda kwa macho. Akamshika mmoja hatamu.

"Huyo wangu," akasema Tibbets.

Akamshika mwingine.

"Huyo wa mke wangu," ikatoka sauti nyingine. "Nitakuombea dua ukienda kumweleza."

Akamwendea wa tatu, dume mzee wa kahawia mwenye sikio lililokatika.

"Huyo wa sherifu," akasema Anselmo kwa upole.

"Sherifu ataendesha farasi wa kampuni."

"Si huyu wenu wa bati. Ni yule mwenye funguo." Gantt akaiachia hatamu kama sufuria ya moto. Mzee mwenyewe, mlengwa, alikuwa nyuma yake kwa hatua mbili, akimlamba Molasi paji la uso.

Harkavy akatazama juu. Kila mtu wa Lone Pine alijua alichokuwa anatazama. Mwezi ule jua huingia nyuma ya mlima kabla ya saa kumi, na mlima hauongezi muda kwa mtu aliyekuja na kamera. Saa saba na nusu ilikuwa imekwisha pita.

"Bibi," alisema, na sauti yake safari hii ilikuwa imekaa chini, "unataka nini?"

"Dakika ile uliyoninyima asubuhi."

Akampanda Molasi, akaenda taratibu hadi kwenye jiwe la mbali, mahali pa mchanga mzito ambapo alikuwa amekwisha ondoa mawe madogo tangu juzi, kwa kuwa kiburi chema hutangulia na fagio. Akageuka, akaja mbio. Koti lilimpepea, kwato zikatimua vumbi, na hapo mbele ya kamera akavuta kushoto. Molasi hakuketi kama mwali. Alianguka kama ukuta wa udongo siku ya mvua, ubavu mzima, kishindo kikasikika hadi mezani kwenye keki, na Zelpha akabingirika mara mbili na kutulia kifudifudi. Waigizaji wawili walipiga yowe. Kisha Molasi akainuka, akajitikisa, akaenda kumnusa mfukoni akidai tufaha lake.

Harkavy akavua miwani yake. "Anaweza tena?"

"Kutwa nzima. Ila huyo wa waya aondoke kwanza."

"Mama, hata mimi naweza kumwangusha huyo," akasema Gantt, ambaye siku yake ilikuwa imeharibika na hakujua kuacha. Akampanda Molasi bila ruhusa, akavuta kushoto ili amgeuze. Farasi alifanya alichofundishwa, pale pale, akiwa amesimama, kwenye sehemu yenye changarawe. Gantt aliinuka akichechemea, akautupa waya wake chini kwa hasira, akaenda kukaa kwenye lori. Wenyeji walimsindikiza kwa heshima zote, yaani walikaa kimya hadi alipofunga mlango.

Kwa hiyo Molasi hangeanguka vizuri kwa mtu mwingine ila Zelpha, na jambazi ikabidi awe Zelpha. Mwigizaji wa jambazi, mtu mpole aliyepiga chafya kila alipokaribia farasi, alimvalisha koti lake mwenyewe na kumbandika masharubu kwa gundi.

"Ukifa, mama, lala ubavu wa kushoto," alimwomba. "Upande wangu mzuri ni wa kulia."

"Nitalala atakapolala farasi, mwanangu."

Tatizo la nyuso lilibaki, na Bi Noonan ndiye aliyelitatua. Alisema kamera iwekwe nyuma ya kikosi, imtazame jambazi kupitia vumbi la wafukuzaji. "Mikia haina mabaka," alisema, akaandika daftarini kana kwamba lilikuwa wazo la mwongozaji. Alipompita Zelpha hakumtazama, lakini alisema kwa sauti ya chini: "Ningekusaidia kupaka. Nilikuwa nakula keki. Ilikuwa mbaya."

Ndivyo Zelpha Crandall alivyouawa saa tisa kasoro robo, kwa risasi moja ya moshi, na ndivyo alivyoinuka akauliza habari za nyumbu. Harkavy aliomba afe mara moja zaidi. Alikufa. Kisha kivuli cha mlima kikashuka juu ya mawe, juu ya kamera na buti zile safi, na kazi ikaisha.

Jioni farasi walirudi kwao, kila mmoja na mwenyewe. Akabaki mzee mmoja zizini, baka limechakaa kwa kulambwa. Kampuni haikumdai, kwa sababu kwenye karatasi zao alikuwa amekwisha kufa tangu saa nane. Zelpha alimfunga nyuma ya Molasi. Njiani Anselmo alimpa jina, Marehemu, na jina likashika. Waya wa Gantt ulikuwa bado umelala mchangani, futi mia mbili za chuma kizuri. Zelpha aliukunja, akautundika kwenye tandiko.

"Huo wa nini?" Anselmo akauliza.

"Nitaona."

Picha ilifika mjini Aprili. Ukumbi ulijaa hadi ngazini, maana Lone Pine nzima ilikuja kumtazama Bi Zelpha akifa. Jina lake halikuwemo mwanzoni, halikuwemo mwishoni, na mwigizaji mpole alisifiwa na gazeti la mji mkubwa kwa anguko la kiume. Katika mbio za mwisho, mwenye macho aliweza kuona farasi watatu wa kikosi wakigeuza vichwa, wote wenye uso wa jambazi. Huko mji mkubwa wa kusini hakuna aliyegundua. Ukumbini mtu alisema, "Wa katikati ni wangu," na watu wakacheka, wakanyamaza, kwa kuwa anguko lilikuwa linakuja.

Molasi akaanguka. Anselmo akavua kofia.

Aliyekata ile filamu, sijui kwa haraka au kwa huruma, aliiacha iende nusu pumzi zaidi ya ilivyopaswa. Sherifu wa bati anashusha bastola yake, na nyuma ya bega lake, kwenye vumbi, kichwa kirefu chenye baka jeupe kinainuka na kuangaza huku na huku kikitafuta tufaha.

Anselmo akavaa kofia yake.

Marehemu aliishi miaka tisa baada ya kifo chake, akanenepa, akawa na tabia mbaya ya kufungua lango kwa midomo. Vuli iliyofuata alikuja mtu wa kampuni nyingine, kijana nadhifu mwenye faili, akitafuta farasi ishirini kwa picha ya vita. Langoni alikuta ubao, maandishi ya brashi, rangi nyeupe ya viatu: WAYA HAPA NI WA KUANIKIA NGUO. Nyuma ya ubao, kutoka kwenye nguzo ya zizi hadi kwenye ule mtufaha wa pekee, ulipita waya mwembamba wa chuma, umekazwa sawasawa, na juu yake zilipepea shuka nne na suruali ya Anselmo.

"Bibi," akasema kijana, "nimesoma. Lakini kama kuna tukio moja, dogo tu, ambalo tutalazimika..."

Zelpha alimpa kikapu cha vibanio.

"Basi shika hivyo," alisema. "Anza na soksi."